Video uliyoichoma inakatala kwenye deki? Isome dalili kabla ya kuchoma nyingine

Hapa Bukavu DVD bado ina kazi. Kwaya inataka diski za kuuza baada ya ibada. Familia inataka harusi ya binti yao ikae mahali ambapo haitapotea simu ikiibiwa. Bibi aliyeko Walungu ana deki ndogo inayotumia betri ya sola, lakini megabaiti za kuangalia video ya saa mbili kwenye intaneti hana. Basi watu wanachoma, wengine kwenye vibanda vya Kadutu na Nyawera, wengine nyumbani kwa laptopu. Kisha simu inalia: "Mutoto wangu, ile DVD inakatala."

Mchomaji akisikia hivyo, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye diski tupu nyingine. Anachoma upya kwa mpangilio uleule, anaituma, nayo inakatala vilevile. Diski haikuwa na kosa. Kompyuta inasoma karibu kila kitu unachoipa, wakati deki inajua mambo machache tu na mara nyingi leza yake imezeeka. Kazi yako ni kujua ni lipi kati ya hayo machache limekosekana, na deki yenyewe inakuambia ukiisikiliza.

Hatua ya 1: Muulize aliyeko mbele ya deki

Usikubali jibu la "haichezi". Uliza maswali matatu. Kioo kinaandika nini diski inapoingia? Kama ilianza kucheza, ilikwama dakika ya ngapi? Na je, diski nyingine zinacheza kwenye deki hiyohiyo, hasa nyingine ya kuchomwa, si ile ya kununuliwa dukani iliyopigwa chapa kiwandani?

Swali la tatu lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Diski ya kiwandani inarudisha mwanga wa leza vizuri kuliko ya kuchomwa, kwa sababu data yake ni vishimo vilivyopigwa kwenye plastiki, wakati ya kuchomwa ni rangi ya kemikali iliyobadilishwa kwa joto. Deki iliyochoka inaweza kusoma ya kwanza na kushindwa ya pili. Kwa hiyo "mbona ile ya dukani inacheza" si ushahidi kwamba umechoma vibaya.

Ukipata majibu, nenda kwenye hatua inayohusika. Kama deki inasema hakuna diski, soma hatua ya 2. Kama imeiona diski lakini filamu haionekani, hatua ya 3. Kama inaanza vizuri halafu inakwama, hatua ya 4. Picha bila sauti, picha bila rangi, watu waliovutwa mpaka wanene: hatua ya 5.

Hatua ya 2: Deki inasema hakuna diski

Anza na yanayochekesha: imewekwa upande gani? Kuna diski ambazo pande zote mbili zinang'aa, na mzee ambaye hajazoea hawezi kujua. Muulize kwa heshima, "Papa, maandishi yako juu au chini?", kisha endelea.

Pili, angalia aina. DVD-R na DVD+R si kitu kimoja, ingawa dukani zinapangwa rafu moja. DVD-R ilitangulia na deki za zamani zinaielewa zaidi. Kama una DVD+R tu, baadhi ya mashine za kuchomea zinaruhusu diski ijitambulishe kwa deki kama DVD-ROM, yaani kama diski ya kiwandani. Kwenye ImgBurn, programu ya kuchomea, mpangilio huo upo, na deki nyingi sugu hulegea hapo. Zile za kufutika, RW, zinarudisha mwanga hafifu zaidi, kwa hiyo ni nzuri kwa majaribio kwako nyumbani lakini usimpe mteja. Zile za safu mbili, za gigabaiti 8.5, ziache kabisa kama unajua deki itakayotumika ni ya zamani. Diski mbili za kawaida zinafanya kazi hiyo bila maumivu.

Tatu, diski ilifungwa? Mwisho wa kuchoma, programu inaandika taarifa za kufunga ili diski ijulikane kuwa imekamilika. Ukiacha mlango wazi ili "uongeze kitu baadaye", kompyuta itaisoma lakini deki nyingi zitasema hakuna kitu. Kwa video, funga kila mara.

Mambo hayo yakiwa sawa, geukia deki. Kiangazi kati ya Juni na Agosti vumbi la barabara zisizo na lami linaingia kila mahali, na deki inayokaa chumba kimoja na mbabula inapata moshi juu ya lenzi. Chomoa umeme kwanza. Kama kifuniko kinafunguka kwa juu, kama kwenye zile ndogo za kubeba, utaona lenzi ndogo ya mviringo. Iguse kwa pamba ya masikioni yenye tone dogo la alkoholi safi ya isopropili, bila kukandamiza, kwa sababu inaning'inia kwenye waya laini sana. Manukato, pombe ya kunywa na mate si alkoholi ya kusafishia. Na usiwashe deki ukiwa umeifungua ili kuangalia kama leza inawaka. Macho hayana spea.

Kuna dalili moja inayofaa kujulikana: deki inacheza CD za muziki vizuri lakini inakataa DVD zote. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa ya nanomita 650, na ile ya DVD inaweza kufa ikamwacha mwenzake mzima. Hapo usipoteze DVD nyingine. Tengeneza VCD: video ya MPEG-1 yenye ukubwa wa 352 kwa 288 kwenye CD ya kawaida, ambayo inabeba kama dakika 80. Picha si kali, lakini bibi ataona uso wa mjukuu wake.

Hatua ya 3: Imeiona diski, haioni filamu

Hapa kosa karibu daima ni la mpangilio wa faili, na ndiyo hatua inayowakamata wanaojichomea nyumbani.

Watu wanachukua MP4 kutoka kwenye simu, wanaiburuta kwenye dirisha la diski, wanabonyeza kuchoma. Hiyo ni diski ya data. DVD ya video ni kitu kingine: ndani yake kuna folda inayoitwa VIDEO_TS, kwa herufi kubwa, na ndani ya folda hiyo faili za aina tatu tu, VOB zenye picha na sauti, IFO zenye ramani ya filamu, na BUP ambazo ni nakala ya akiba ya IFO. Picha iwe ya mfumo wa MPEG-2. Simu leo zinarekodi H.264 au HEVC, na deki ya kawaida ya DVD haijawahi kufundishwa lugha hizo.

Kwa hiyo unahitaji programu ya kutengeneza DVD. DVDStyler ni ya bure na inatosha: unaingiza video, inaibadilisha kuwa MPEG-2, unatengeneza menyu ukitaka, inatoa faili ya ISO, yaani faili moja iliyobeba diski nzima. Kisha ISO hiyo unaichoma kwa ImgBurn, nayo ya bure, toleo la mwisho ni 2.5.8.0 la mwaka 2013 na bado linafanya kazi. Unapoisakinisha soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza kuendelea, maana nakala nyingine huja na programu zisizohitajika zimejificha ndani.

Kuna mtego wa Windows pia. Ukiingiza diski tupu inakuuliza utaitumiaje: kama flashi, au kwa deki ya CD na DVD. Wengi wanachagua ya kwanza kwa sababu inasikika rahisi. Chaguo hilo linaandika kwa mfumo ambao deki nyingi haziujui. Chagua la pili, au bora zaidi, usitumie dirisha hilo kabisa kwa kazi ya video.

Halafu kuna safari ya kwenda kuchomesha. Laptopu nyingi mpya hazina mashine ya kuchomea, kwa hiyo unaweka ISO kwenye flashi uipeleke kibandani. Flashi nyingi ziko kwenye mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4. ISO ya harusi ina 4.3, kompyuta inagoma na kusema faili ni kubwa mno, ingawa flashi ina nafasi tele. Badilisha flashi kuwa exFAT au NTFS, au beba folda ya VIDEO_TS badala ya ISO, kwa kuwa kila VOB haivuki gigabaiti 1. Ukibeba folda, mwambie kijana wa kibandani aichome kama DVD ya video, na VIDEO_TS iwe ya juu kabisa kwenye diski. Mara nyingi ukifungua diski iliyokataliwa unakuta VIDEO_TS imelala ndani ya folda nyingine iitwayo HARUSI MWISHO KABISA 2. Deki haifungui folda kutafuta. Inaangalia mlangoni tu.

Jambo la eneo: DVD inaweza kufungwa ichezwe eneo moja la dunia tu, na Kongo iko kwenye eneo la 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika. Kwa video yako mwenyewe acha iwe ya maeneo yote. Ndugu wa Ulaya atashindwa kuiangalia ukiifunga kwenye moja.

Hatua ya 4: Inaanza vizuri, inakwama katikati

Hii ndiyo inayoudhi zaidi, kwa sababu hutokea wageni wakiwa wamekaa.

Fanya uchunguzi kwa mpangilio huu. Fungua ile ISO kwenye VLC, programu ya kuchezea video, na uende dakika ileile iliyokwama. Ikikwama na hapo, kosa liko kwenye ubadilishaji wa video, na kuchoma upya hakutasaidia chochote. Rudi ukabadilishe upya. Kama ISO iko sawa, weka diski yenyewe kwenye kompyuta, nenda dakika hiyo. Ikigugumia, uchomaji ulikuwa mbaya. Ikicheza vizuri, jaribu deki ya pili. Ikikwama kwenye deki mbili mahali palepale, kasi ya biti (wingi wa data ya kila sekunde ya filamu) ni kubwa au ukingo wa diski ni dhaifu. Ikikwama mahali tofauti kila mara, kuna uchafu au deki imechoka.

Kwa nini ukingo? Diski ya safu moja inaandikwa kutoka katikati kwenda nje. Dakika za mwisho za filamu ziko pembezoni kabisa, mahali ambapo vidole vinashika na ambapo diski za bei ya chini huwa na rangi isiyopakwa sawasawa. Ndiyo maana malalamiko mengi ni "ilikwama wakati wa keki". Keki iko mwisho wa harusi, na mwisho wa harusi uko ukingoni.

Dawa ya kwanza ni kutojaza diski. Kwenye pakiti wameandika 4.7, lakini Windows itakuonyesha 4.38, kwa kuwa kiwanda kinahesabu kwa maelfu na kompyuta kwa 1,024. Usikimbilie 4.38 hiyo. Simama 4.2, ukingo wenye matatizo ubaki mtupu.

Dawa ya pili ni kasi ya biti. Hesabu ni rahisi: diski ina takriban megabiti 37,600. Filamu ya saa mbili ni sekunde 7,200, ukigawanya unapata megabiti 5.2 kwa sekunde, kwa picha na sauti pamoja. Toa ya sauti na nafasi ya ukingo, weka picha kama 4.7. Saa moja na nusu inaruhusu kama 6.3. Saa tatu zinakushusha karibu na 3, na kwaya inayocheza huku taa zinawakawaka itaonekana vipande vipande. Gawa kwenye diski mbili. Kanuni za DVD zinaruhusu picha kufika 9.8, lakini hiyo ni kwa diski ya kiwandani kwenye deki nzima. Kwa diski ya kuchomwa weka kikomo cha juu 8, na hata video fupi usiipe zaidi.

Dawa ya tatu ni kasi ya kuchoma. Diski iliyoandikwa 16x haimaanishi uichome kwa 16x. Chagua 8x, au 4x kama deki ni mbishi. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama robo saa, na hakuna anayekufukuza. Kushuka hadi 1x au 2x hakuongezi kitu, kwani rangi ya diski za siku hizi imeandaliwa kwa kasi kubwa zaidi. Wakati inachoma usifungue kivinjari wala kunakili faili. Na weka alama kwenye sehemu ya kuhakiki baada ya kuchoma: ImgBurn itasoma diski nzima tena na kulinganisha. Wanaoruka hatua hiyo wanaokoa dakika chache, halafu wanapanda gari kwenda Walungu kubadilisha diski.

Lebo za karatasi za kubandika: usizitumie kwenye DVD. Zinavuta diski upande mmoja, na inapozunguka kwa kasi inatikisika. Andika kwa kalamu ya diski isiyo na ncha kali. Kwa DVD data iko katikati, kati ya tabaka mbili za plastiki za milimita 0.6, kwa hiyo upande wa juu unavumilia kidogo. CD ndiyo hatari, maana data yake iko chini tu ya maandishi, na mkwaruzo wa kalamu upande wa juu unaiua kuliko mkwaruzo wa chini. Kusafisha: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha. Dawa ya meno wanayoisifia mitaani inang'arisha macho ya mwenye diski tu.

Hatua ya 5: Picha au sauti si ya kawaida

Picha nyeusi na nyeupe. Kabla ya kugusa kompyuta, uliza waya wa njano umechomekwa wapi. Ukiingia kwenye tundu la kijani televisheni inaonyesha bila rangi. Kama waya uko sawa, angalia mfumo. DVD ni PAL, ya 720 kwa 576 na fremu (picha) 25 kwa sekunde, au NTSC, ya 720 kwa 480 na fremu 29.97. Televisheni ya zamani inayojua PAL tu itakupa NTSC bila rangi au picha inayopanda na kushuka. Ile ya SECAM pekee, mfumo wa Ufaransa ambao Kongo iliutumia, itapoteza rangi hata kwa PAL. Kwa huku chagua PAL, na uiweke deki kwenye PAL pia.

Midomo na sauti vinaachana kadiri video inavyoendelea. Hiyo ni video ya simu: simu hubadilisha idadi ya fremu kulingana na mwanga, na programu ya DVD inadhani idadi haibadiliki. Pitisha video kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, chagua idadi ya fremu isiyobadilika, 25, ndipo uipeleke DVDStyler. Hakikisha pia sauti ni kilohezi 48, ya AC-3 au PCM.

Nyuso pana au nyembamba: linganisha 16:9 na 4:3 kwenye programu, halafu kwenye mipangilio ya deki. Majina ya maarusi yaliyokatwa pembeni ni ya televisheni za kichogo, ambazo huficha kingo. Acha nafasi ya asilimia 10 kila upande.

Hatua ya 6: Umeme

Ukikatika katikati ya kuchoma, diski ya R imekwisha, haiendelezwi. Choma diski wakati betri ya laptopu imejaa, na uizuie laptopu isilale. Mashine ya kuchomea ya nje inavuta umeme kwenye USB, na tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 tu. Ikianza kulialia au kujitoa yenyewe, tumia waya wenye vichwa viwili vya USB. Upande wa mteja, deki ya sola ambayo betri imeshuka jioni inaweza kuwaka taa na kufungua menyu huku mota ikikosa nguvu ya kuzungusha diski. Mwambie ajaribu saa sita mchana kabla hujachoma nyingine.

Hatua ya 7: Ukiwa umeshindwa

Kuna deki ambazo hazitasoma tena diski ya kuchomwa, na ni vizuri ukubali hilo mapema. Ziangalie ubavuni: nyingi zina tundu la USB. Hapo mpe flashi ya FAT32 yenye faili ya AVI, picha ya Xvid isiyozidi upana wa 720, sauti ya MP3. Unapobadilisha, zima vipengele vya QPEL na GMC kwa sababu deki nyingi haziviwezi. Faili ikikaribia gigabaiti 4 ikate mara mbili, na uzipe majina mafupi yasiyo na alama wala nafasi, kama HARUSI1.AVI na HARUSI2.AVI, ili zitokee kwenye kioo kwa mpangilio wake.